Mtoto Anatoka Nyumba Gani

Mwalimu mkuu alinifuata shambani mwenyewe, jambo ambalo walimu wakuu hawana tabia ya kulifanya. Nilimwona anapanda mlima huku ameinua suruali kwa mikono miwili isiguse matope, nikasema moyoni, basi leo mtoto kaua mtu. Binti yangu alikuwa darasa la saba. Kuitwa shuleni kwa ajili yake nilishazoea, ila siku zote ilikuwa kesi ya mdomo: kamsahihisha mwalimu mbele ya wenzake, kamaliza hesabu zake kaanza kuwafanyia jirani. Mdomo ule kaurithi kwangu, sikatai.

"Mama, weka jembe chini," mwalimu aliniambia huku anahema. "Nina habari nzuri, sitaki uipokee umeinama."

Habari yenyewe ilikuwa hii. Masista wa mkoa wa jirani walikuwa wamefungua sekondari ya wasichana, shule yao binafsi, na kila mwaka walichukua mabinti wachache wenye akili za kupita kiasi wakawasomesha bure. Zilikuwa enzi za ruksa, kila kitu kinafunguliwa. Kahawa yetu ilikuwa imeanza kununuliwa na watu binafsi waliokuja Mbinga na magari yao, mitumba imejaa sokoni, na shule za binafsi zinachipuka hata mahali ambapo zamani ungekuta mbuzi tu. Lakini sekondari za serikali nafasi zilikuwa chache mno. Shuleni kwetu mwaka ungeweza kupita asichaguliwe hata mtoto mmoja, na mwalimu alilijua hilo kuliko mimi.

"Masista hawataki maneno mengi," alisema. "Wanataka mapendekezo mawili, la mwalimu mkuu na la paroko. La kwangu nimeshalimaliza kichwani, nitaandika kwamba mtoto huyu ni hazina ya taifa. La paroko ni juu yako."

Akashuka mlima na suruali yake. Mimi nikabaki nimesimama, furaha imenijaa mpaka kooni, na nyuma ya furaha hofu. La paroko ndilo ambalo sikujua hata pa kulianzia.

Niseme mimi ni nani, ili ieleweke. Nimezaliwa Lundo, kando ya Ziwa Nyasa, kwa Waanglikana, baba mvuvi na mama mlimaji wa mihogo. Nikaolewa huku juu, Umatengoni, na mwanaume Mkatoliki aliyeshuka ziwani kununua samaki akarudi na mke. Ndoa yetu ilikuwa ya kimila. Mahari ilipokelewa, pombe ikanyweka, wazee wakaridhika, na ile ya kanisani tukasema tutaifunga baadaye. Kila mwaka tukasema baadaye. Halafu mume wangu akaugua kifua, akafa, mtoto hajaanza hata kung'oa meno ya utoto. Ukoo wakataka nirithiwe na mdogo wake, nikakataa. Wakasema basi rudi kwenu ziwani, nikakataa pia, kwa sababu ile mibuni niliipanda kwa mikono yangu na sikuona kwa nini nimwachie mtu. Hawakunifukuza, hapana. Walinisalimia vizuri kabisa njiani, wakaendelea na safari zao.

Maisha ya namna ile yana upweke, na sitaki kuupamba. Umatengoni shamba la mteremko hulimwa kwa ngolo, yale mashimo ya mraba yanayozuia mvua isichukue udongo. Mwanaume anafyeka majani na kuyalaza chini kwa mistari ya mraba, mwanamke anafuata nyuma anayafukia. Ni kazi ya mke na mume. Mimi nilikuwa nafyeka asubuhi kwa zamu ya marehemu, mchana nafukia kwa zamu yangu, na jioni sina wa kumwambia mgongo unaniuma isipokuwa mtoto.

Na mtoto mwenyewe ndiye yule. Kitu akikisikia mara moja kimeingia. Jirani alikuwa na redio, tukienda kusikiliza taarifa ya habari, tukirudi nyumbani anaisoma yote upya tangu mwanzo, pamoja na matangazo ya vifo, na majina ya wafiwa mpaka wale wa Tabora. Nilikuwa namwambia, "Wee mtoto, hebu waache maiti wapumzike." Anacheka, anaendelea. Akiwa na mama yangu anaongea Kinyasa kitupu, akigeukia watoto wa ukoo ni Kimatengo, akiingia darasani ni Kiswahili cha vitabuni. Jioni zangu zote nilizungumza na yeye. Sikuwa na mwingine.

Sasa kwetu kule hufiki kwa paroko hivi hivi tu. Unaanzia kwenye jumuiya, yaani wale majirani wanaosali pamoja kila wiki nyumba kwa nyumba. Jumuiya inakusemea kwa katekista, katekista anakusemea kwa paroko. Mtoto alikuwa anasali Katoliki pamoja na wenzake wa shule na nyimbo zote anazo. Mimi Jumapili nilikaa nyumbani na Biblia niliyotoka nayo Lundo, maana kanisa la kwetu halikuwa karibu. Nikajifunga kitenge kizuri nikaenda moja kwa moja kwa katekista, nikiruka jumuiya. Sikuwa na subira ya kupanda ngazi.

Katekista alikuwa mzee mfupi, fundi seremala. Nilimkuta anapiga randa mbao nyuma ya nyumba.

"Tumsifu Yesu Kristo," akanisalimia, kama kunijaribu.

"Milele, amina. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kumbe unajua kuitikia."

"Nimeolewa hapa, mzee, si kiziwi."

Akatabasamu kidogo. Nikamweleza habari ya masista. Alisikiliza huku anapuliza maranda kwenye ubao. "Mtoto namfahamu," akasema. "Yule ni moto. Katekisimu anaijua kunizidi. Lakini Baba Paroko ni mgeni, ametoka mbali, hatujui sisi wala hajui mambo yetu. Kwa kila mtoto anayeletewa ana swali moja: anatoka nyumba gani? Wazazi wamefunga ndoa? Wanapokea sakramenti? Mimi nitamjibu nini?"

"Mjibu anatoka kwangu."

"Ndiyo hapo, mama. Kwako ni nyumba gani?"

Mtu mwenye busara angeinamisha kichwa. Mimi nikamwambia, "Kwangu ni nyumba ya matofali ya kuchoma, paa la nyasi, mlango mmoja, na ndani yake analala mtoto anayewashinda akili wewe na paroko wako mkijumlishwa." Mzee hakukasirika. Alirudisha randa kwenye ubao akasema taratibu kwamba niende jumuiya kwanza, nikajulikane, na mdomo niuache nyumbani.

Nikaenda. Weee, nilikwenda jumuiya kuliko waliozaliwa humo. Nilikaa ukingoni mwa mkeka, nikaimba, nikasikiliza somo, nikachota maji ya kunawa watu walipopewa chai. Hawakunitendea ubaya wowote. Mwisho wa sala mwenyekiti, mama mmoja mnene mwenye sauti nzuri, alitangaza nyumba ya wiki inayofuata. Zamu ilikuwa inatembea kwenye ule ukingo wa mlima, nyumba hadi nyumba, inasogea upande wangu. Ilipofika kwa jirani wa chini yangu nikafagia uwanja, nikaazima benchi, nikamtuma mtoto akate maua. Mwenyekiti akatangaza nyumba ya jirani wa juu yangu.

Siku yao ilipofika walipita uwanjani kwangu, maana njia ni hiyohiyo, wanaimba, wamebeba msalaba. Nilisimama mlangoni na benchi la kuazima. Kisha nikajiunga mkiani nikaenda nao, kwa sababu mtoto alikuwa ananitazama.

Baada ya sala nikamshika mwenyekiti mkono. "Mama, kwangu mmeparuka."

"Nyumba yako haijabarikiwa, mama."

"Basi ibarikini."

Akanitazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonichoma. "Tubariki nini? Ndoa haikufungwa. Na wa kufunga naye yuko kaburini."

Hapo ndipo nilipoelewa. Ningekuwa nimekosa kitu cha kutafuta, ningekitafuta. Ningekuwa nimekosa sala, ningesali mpaka magoti yaote sugu. Lakini nilikuwa nadaiwa na Kanisa harusi, na bwana harusi ndiye huyo nilishamzika. Nilirudi nyumbani nikalia kwa hasira, si kwa uchungu. Uchungu ulikuja baadaye.

Nikamkumbuka kasisi wa kwetu Lundo. Kwani masista ni masista, nikawaza, barua ya mtumishi wa Mungu ni barua ya mtumishi wa Mungu. Nilimchukua mtoto, tukapanda lori la mizigo lililokuwa linashuka kwenda ziwani, tukakaa juu ya magunia, tukashuka na zile kona mpaka joto likaanza kutupiga usoni na ziwa likaonekana. Mtoto alishika ukingo wa lori akawa anasema majina ya vijiji kabla hatujavifika. Nilijisikia mtu siku ile. Nilikuwa narudi kwetu.

Ufukweni wanawake walikuwa wanaanika usipa, wale dagaa wa ziwa letu, kwenye vichanja. Mmoja niliyesoma naye akaniona akapiga kelele, "Jamani, Mmatengo kaja!" Wote wakacheka, nami nikacheka. Wakaniuliza habari za baridi, habari za kahawa, habari za watu wenu. Watu wenu! Huku juu naitwa Mnyasa mpaka leo.

Kasisi alikuwa mpya, kijana, mpole. Alimsikiliza mtoto. Nilimwambia, "Mpime, baba," naye akamsomea zaburi ndefu mara moja, mtoto akairudisha yote bila kukosa mstari. Kasisi alipiga makofi kama mtoto. Kisha akasugua magoti yake.

"Akili anazo, mama, na ningependa. Lakini pendekezo si la akili. Masista akili watazipima wenyewe. Pendekezo ni kusema mtu huyu ninamjua, nimemwona anakua. Mimi huyu nimemwona leo. Wewe mwenyewe nakufahamu kwa kusikia tu, kwamba uliolewa juu." Akaniangalia. "Waliomwona anakua wako huko huko kwenu."

Mama yangu alitupa samaki wa kuchoma na ugali wa muhogo, akasema niache kuhangaika, mtoto abaki ziwani, shule ya darasa la saba inatosha, ataolewa. Sikumjibu kwa sababu ni mama. Nilikwenda nikakaa mchangani peke yangu, nikalitazama lile maji niliyoogea tangu utoto. Nilikuwa sina mtu wa kunisemea huku wala huko. Nimeshawahi kuwa na njaa, nimeshawahi kufiwa, lakini upweke kama wa pale mchangani sijauona tena.

Tuliporudi Umatengoni nikaenda kwa shemeji yangu. Huyu ni kaka mkubwa wa marehemu, ndiye kichwa cha ukoo, nyumba yake iko ng'ambo ya bonde, unaiona kutoka kwangu. Yeye na mkewe walifunga ndoa kanisani, picha ipo ukutani, wana vijana wa kiume watupu. Tangu nilipokataa kurithiwa tulikuwa tunasalimiana tu. Lakini vijana wake walikuja mara mbili tatu kunifyekea majani bila kuombwa, nami najua ni nani aliyewatuma.

Nilienda na chakula, kwa sababu kwake ndipo wanapokutana sengu, wanaume wa ukoo wanaokula pamoja na kuamua mambo. Kila mke hupeleka sahani ya mume wake. Mimi sikuwa na mume wa kumpelekea sahani, nikapeleka hivyo hivyo, ugali na usipa wa Lundo. Nikakaa nje jikoni na wanawake, nasikia sauti za wanaume lakini maneno siyashiki. Walikula usipa wangu wote, hilo niliona baadaye. Mke wa shemeji, ambaye mtoto wangu humwita mama mkubwa, alinisogezea kigoda.

Shemeji akatoka, akasimama mbele yangu.

"Mtoto ni wetu," akasema. "Mtoto wa mdogo wangu ni mtoto wangu, hilo halina mjadala. Atahamia kwangu. Atasali na sisi, atakwenda jumuiya na sisi. Paroko akiuliza anatoka nyumba gani, anatoka kwangu. Mimi baba, huyu hapa mama." Akamwelekezea mkewe mkono.

"Na mimi, shemeji?"

Alifikiri. Alijiuliza swali lile kwa uaminifu ndani ya kichwa chake, namwona mpaka leo. "Wewe ni mke wa mdogo wangu. Kwa mtoto wa nyumba yangu, wewe ni mama mdogo."

Hakuna aliyesema uongo pale. Ndio ubaya wake. Kwetu baba mkubwa ni baba, na mtoto ni wa ukoo kabla hajawa wa tumbo, kila mtu anajua, jumuiya nzima ingeweza kuapa bila kutubu. Wangeniomba nidanganye ningekataa, nikaondoka na heshima yangu. Walinipa ukweli. Walikuwa wananisaidia, na mimi nilitaka kuwapiga wote na sufuria yangu tupu.

Nikasema asante, shemeji.

Mtoto alihama na godoro lake na sanduku la bati. Alifikiri ni mchezo. Siku za mwanzo tukikutana njiani, yeye kati ya mama mkubwa na vijana wao, wote wamevaa za kwenda jumuiya, alikuwa anasema, "Shikamoo, mama mdogo!" kisha ananikonyeza. Namwitikia, "Marahaba, mwanangu," na mimi namkonyeza. Tulikuwa tunajikaza tusicheke. Baadaye akaacha kukonyeza. Sikumlaumu, mtu akirudia kitu kila siku kinakuwa ndicho.

Nyumba yangu ilinyamaza. Sikujua kwamba kelele zote zile zilikuwa za mtu mmoja mdogo. Nilipika ugali wa kunishinda kwa sababu mkono ulikuwa haujazoea kupima wa mtu mmoja. Asubuhi nilisimama uwanjani nikatazama moshi ukitoka jikoni kwa shemeji ng'ambo ya bonde, nikajua anachemshiwa uji. Mama mkubwa alimfumia sweta la rangi ya machungwa, kola na vifungo, zuri kabisa. Nililiona kutoka kwangu, linashuka njiani kwenda shule. Nilimwonea wivu yule mama, na alikuwa hajanikosea lolote. Hajawahi kupata binti, akapewa wangu kwa msimu.

Jumamosi tulikutana mtoni kwenye kufua. Huko ndiko nilikomfundisha, kwa sababu mwalimu mkuu alisema masista nao wanahoji, wanauliza habari za nyumbani, na mtoto akibabaika mbele yao pendekezo la paroko halitamsaidia.

"Mama yako ni nani?" nilimuuliza huku nasugua shati.

Akainamia maji, akaendelea kusuuza.

"Wee. Nakuuliza."

"Sitaki."

"Hutaki? Haya, basi kaolewe Lundo, ukaanike usipa mpaka uzeeke." Nilimrushia maji usoni, kwa hasira ya kweli. "Sema!"

Akajifuta. Akasema, kwa ile sauti yake ya taarifa ya habari, jina la mke wa shemeji yangu, lote, na la ubatizo. Nikamuuliza, na huyu anayekuja mtoni kufua na wewe? "Ni mama mdogo, mke wa marehemu baba mdogo." Bila kusita hata kidogo. Nilimwambia vizuri sana. Nikaendelea kufua lile shati ingawa lilikuwa limeshatakata.

Sala ya jumuiya ilipofika kwa shemeji, paroko mwenyewe alikuja. Nilikuwa nimekaa mwisho wa mkeka. Alimsikia mtoto akisoma somo, akainua macho, akauliza, na huyu? Watu wa jumuiya wote wakamjibu kwa pamoja, kwa furaha, kwamba ni binti wa nyumba hii, Baba. Mwenyekiti alisema kwa sauti kubwa kuliko wote. Hakunitazama, na nadhani kutonitazama kwake kulikuwa ni wema.

Pendekezo likaandikwa. Katekista alinisomea nje ya kanisa, kwa hiari yake: binti wa nyumba ya Kikristo, wazazi wa mfano, aliyekua machoni pa jumuiya. Akalikunja akamkabidhi shemeji, maana ndiye mzazi. "Umefanya vizuri kunyamaza, mama," akaniambia.

Masista wakajibu kwamba aje ahojiwe, aje na mizigo yake na wazazi wake, na atakayewaridhisha abaki hapohapo. Safari ilikuwa ndefu, ya mabasi, kupitia Songea. Tulikwenda wanne. Shemeji na mkewe walikaa na mtoto katikati yao, mimi nikakaa nyuma na sanduku la bati magotini. Nilikuwa nimesema lazima niende, sanduku ni zito, na shemeji hakubisha.

Chumba cha kuhojia kilikuwa na sakafu inayong'aa. Sista mkubwa, mama wa makamo mwenye miwani, alimhoji mtoto hesabu, akamhoji Kiingereza, akamhoji jiografia mpaka akacheka mwenyewe. Akasoma mapendekezo mawili. Akawauliza shemeji na mkewe hili na lile kuhusu ndoa yao na jumuiya yao, wakajibu vizuri. Kisha akanyoosha kalamu upande wa mlango, nilikosimama na sanduku.

"Na huyu mama ni nani?"

Aliyeulizwa alikuwa mtoto. Nilimwona kisogo tu na ile kola ya machungwa. Mungu wangu, nilitaka akosee. Kwa muda wa pumzi moja nilitaka akosee, ageuke, aseme, na shule iende zake. Halafu nikaogopa kwamba atakosea.

"Ni mama mdogo," akasema. "Mke wa marehemu baba mdogo."

"Amekusindikiza? Una watu wanaokupenda," sista alisema, akaandika. Mtoto akapokelewa.

Wakati wa kuagana shemeji na mkewe walikwenda kuonyeshwa bweni, kwa kuwa wazazi ndio wanaoonyeshwa bweni. Mtoto aliachwa anisindikize mpaka kwenye geti. Njia ya kwenda getini inapita nyuma ya stoo ya kuni, na pale nyuma ya stoo nikasimama, nikatazama kushoto na kulia. Hapakuwa na sista wala mwanafunzi wala mtunza bustani.

"Hapa hakuna mtu," nikamwambia. "Niite."

Akanitazama. Machozi yalikuwa yanamlenga, mdomo ameubana. Yule mtoto asiyewahi kukosa jibu na yeye akageuka akatazama kushoto na kulia, kwa uangalifu kuliko mimi.

"Mama mdogo," akasema taratibu, "watasikia. Wataniondoa. Safari njema, mama mdogo."

Nikasema asante, mwanangu, soma sana. Lakini mkono wake ulikuwa umeshika pindo la kitenge changu, umekikunja ndani ya ngumi, na haukuachia. Ilibidi niutoe mwenyewe, kidole kimoja kimoja.